PICHA KUTOKA KOMPYUTA HADI KARATASI: TUHESABU KABLA YA KUCHAPA



Siku hizi vikundi vyetu vingi vinajitengenezea mabango, kalenda, vijitabu na hata lebo za asali. Mmoja anapiga picha kwa simu, mwingine anachora kwa kompyuta, wa tatu anapanga ukurasa, halafu faili inapelekwa kwa mpiga chapa. Kwa skrini kila kitu ni safi. Mabango yakirudi, nyuso za watu ni ukungu mtupu na maandishi madogo hayasomeki. Pesa ya kikundi imekwenda, na fundi analaumiwa. Lakini mara nyingi fundi amechapa kile alicholetewa.

Katika somo hili tutaona ni wapi picha huharibika ikihama kutoka programu moja hadi nyingine, na namna ya kuzuia hasara hiyo.

1. Kwa nini jambo hili si dogo

Tuchukue bango la kufundisha wazazi kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayehara, pale ambapo pakiti za zahanati hazipatikani. Kipimo ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Tuseme "nusu" imeandikwa kwa tarakimu, ½, ndani ya picha yenye ukungu. Kile kimstari cha katikati kinapotea. Mama anasoma nini? Moja? Mbili? Chumvi ikizidi, mtoto aliye mgonjwa tayari anatiwa hatarini zaidi. Basi ubora wa picha si urembo peke yake. Ni sehemu ya ujumbe.

2. Picha ni vitone

Picha ya simu au ya skana ni vitone vidogo sana vilivyopangwa kwa mistari. Vitone hivyo vinaitwa pikseli. Idadi yake huwekwa siku picha inapopigwa.

Fikiria gorogoro moja la maharagwe. Ukiyamwaga kwenye ungo, yanabanana na hauoni chini. Ukiyatandaza kwenye mkeka mkubwa, nafasi zinaonekana. Maharagwe ni yale yale. Picha nayo ni hivyo: ukiichapa ndogo vitone vinabanana, ukiipanua vinaachana. Kubanana huko, yaani pikseli ngapi kwa kila inchi, ndiko kunaitwa rezolusheni.

3. Hesabu yenyewe

Gawanya pikseli za upande mmoja kwa inchi za upande huo kwenye karatasi.

Kwa kijitabu au bango la kusomwa kwa karibu, tafuta 300 kwa kila inchi. Ikishuka kidogo, kama 200, picha ya watu bado itapendeza. Chini ya 150 ukungu unaanza kuonekana. Bango kubwa la kutazamwa kutoka mbali linaweza kutosheka na 100.

Mfano: karatasi ya A3 ina urefu wa inchi 16.5. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 ikijaza urefu huo inatoa 242 kwa inchi. Inafaa. Picha hiyo hiyo ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida, mara nyingi hufika ikiwa na pikseli 1,600 hivi upande mrefu. Gawanya kwa 16.5, unapata 97. Haifai kwa bango la kusomwa karibu.

4. Namba inayochanganya watu

Ndani ya faili huandikwa pia namba ya rezolusheni, kwa mfano 72 au 300. Hiyo ni lebo tu. Picha ya upana wa pikseli 1,200 yenye lebo ya 72 hufunguka ikiwa na inchi 16.7. Ikiwa na lebo ya 300 itaingia ikiwa na inchi 4. Programu nyingine haijali lebo, inachukulia 96, na picha inakuwa inchi 12.5. Wengi wakiona picha imekuwa ndogo hudhani imeharibika. Kumbe pikseli ni zile zile 1,200.

Hatari iko kwingine. Katika Photoshop au GIMP mtu anaweza kuichukua picha ndogo, akaiongezea pikseli kwa nguvu, na kusema ati sasa ni 300. Kompyuta imebuni vitone vya kujazia nafasi. Herufi iliyokuwa haisomeki haitarudi kwa njia hiyo.

5. Njiani kutoka programu hadi programu

(a) Usinakili na kubandika picha kutoka dirisha moja hadi lingine. Hifadhi faili, kisha uiingize katika programu mpya kama faili. Kubandika saa ingine huleta nakala ya ubora wa skrini tu.

(b) Microsoft Word inaweza kufinya picha wakati wa kuhifadhi. Ingia kwenye mipangilio yake uizuie. Usichukue picha iliyokwisha kuwekwa ndani ya Word. Tafuta faili ya mwanzo.

(c) Mchoro wa Inkscape au CorelDRAW ni wa mistari ya hesabu, hauna vitone, hivyo unapanuka bila ukungu. Uhamishe ukiwa PDF au SVG. Ukiugeuza JPEG umeufanya vitone. Ikibidi kuutoa Inkscape ukiwa PNG, badilisha ile 96 ya kawaida iwe 300, kwa ukubwa ule utakaochapwa.

(d) Katika InDesign na Scribus, picha unayoiona kwenye ukurasa ni kivuli tu. Picha yenyewe inabaki katika faili yake. Ukipeleka ukurasa peke yake, umeacha mzigo nyumbani. Peleka folda nzima, au PDF iliyokamilika.

(e) Kwa Canva, chagua PDF ya kuchapisha, si ile ya kawaida.

(f) JPEG hupoteza kidogo kila inapobadilishwa na kuhifadhiwa upya. Weka nakala ya mwanzo bila kuigusa.

(g) Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Flashi au barua pepe pia ni nzuri.

(h) Maandishi yaandikwe katika programu ya kupanga ukurasa, yasiwe sehemu ya picha. Hapo ndipo ile ½ itabaki safi.

6. Kabla ya kukubali kazi ichapwe

Kila programu ambayo picha imepitia ingeweza kuipunguza. Hakuna inayoweza kurudisha kilichopotea. Kwa hiyo mwekeni mtu mmoja wa kutunza picha za mwanzo na kufanya hesabu. Muombeni mpiga chapa karatasi moja ya majaribio kwa ukubwa kamili. Msiitazame ninyi mlioitengeneza peke yenu, maana mnajua kilichoandikwa. Mpeni mama au mzee ambaye hajaiona aisome kwa sauti. Akisitasita, rudini kwenye faili. Nakala moja ya majaribio haiwezi kulinganishwa na gharama ya mabango 500.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Picha za mwanzo za kikundi chetu zinatunzwa wapi, na nani?
2. Picha ina upana wa pikseli 1,800. Tukitaka 300 kwa inchi, ichapwe kwa upana gani? (Jibu: inchi 6.)
3. Katika bango letu la mwisho, ni neno au namba gani ambayo ikisomwa vibaya ingemdhuru mtu?
4. Kazi ijayo, nani atafanya hesabu, na nani atapewa karatasi ya majaribio aisome?