Kaburi Lililo Kihambani

Mkristo wa Uchagani aingiapo kanisani Kilema, walikofika wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1890, huvua kofia. Ni vema. Je, aivua pia apitapo migombani, pale alipolala babu yake?

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1205, yahesabu kuwa mahali patakatifu si nyumba ya ibada tu, bali na mahali pa kuzikia waamini palipobarikiwa. Tena kanuni ya 1240 yaagiza kwamba, Kanisa lisipokuwa na makaburi yake, kila kaburi libarikiwe peke yake. Basi wengi wetu tuzikwao vihambani hulala katika udongo uliobarikiwa. Wazee waliopanda masale penye makaburi, hata kabla ya kuisikia Injili, hawakuwa mbali na neno hili.

Siku hizi ardhi ni haba, vijana wako Dar es Salaam, na kihamba chauzwa. Kuuza si dhambi. Lakini aliyeuza bila kutaja makaburi, mnunuzi akajenga zizi juu yake, huyo ameuza nini? Ndugu wakutanapo nyumbani wakati wa Noeli, na waliamue jambo hilo pamoja na paroko, kabla mtu hajatia sahihi.