"Mangaribi" ya Bukavu na "magharibi" ya Unguja: Kiswahili cha jioni katika kisiwa cha watalii

Utangulizi

Katika masomo yetu neno "pwani" hutumiwa kama mizani. Sentensi ikizua ubishi darasani, mmoja wetu husema "pwani hawasemi hivyo", na ubishi unaishia hapo. Swali ninalouliza katika makala hii ni dogo: pwani ipi, ya saa ngapi, na nani anasema na nani?

Nimelitafutia jibu katika saa za jioni za kisiwa cha Unguja, ambako nilikaa wiki tatu nikikusanya maneno kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Nilichagua jioni kwa sababu wakati huo watu wa kisiwa na wageni wanatafuta starehe kwa pamoja, kila kundi kwa namna yake. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na fukwe za Nungwi, Kendwa na Paje zinapokea wageni wa nchi nyingi. Hoja yangu ni kwamba jioni moja ya Unguja ina Kiswahili zaidi ya kimoja, na kwamba baadhi ya maneno tunayokosolewa sisi wa Kongo hayana kosa lolote. Ni maneno yale yale yaliyopewa kazi nyingine mahali pengine.

1. Jina la saa yenyewe

Tuanze na neno linalotaja wakati wenyewe. Mtu wa Bukavu, Goma au Lubumbashi husema "mangaribi" akiwa na maana ya jioni: "nitakuya mangaribi", "saa moja ya mangaribi". Wanafunzi wengi hulifuta neno hili katika insha zao na kuandika "jioni", wakidhani ni neno la mtaani.

Unguja nililisikia kila siku kwa umbo la "magharibi". Kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu hugawa sehemu hii ya siku kwa sala: alasiri, magharibi, isha. "Tuonane baada ya magharibi" ni ahadi iliyo wazi kuliko saa ya mkononi, maana adhana humkumbusha kila mtu. Muuza maji ya muwa mmoja alinisikia nikimsalimu "Habari ya mangaribi, mzee?" Alicheka, akasema: "Magharibi, mwanangu. Lakini nimekufahamu. Umelitoa wapi neno hili?" Nilipomjibu kwamba ni la kwetu, Kongo, aliniuliza kama na sisi tunasali wakati huo.

Swali lake lina historia ndani yake. Kiswahili kilifika Maniema, Nyangwe na Kasongo katika nusu ya pili ya karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Mkubwa wa wafanyabiashara hao, Tippu Tip, alizaliwa Unguja na kufia Unguja mwaka 1905. Saa ya kuzama jua ilikuwa na jina la sala. Sala haikuenea kwa wote waliolipokea neno, ila jina la saa lilibaki. Kwa upande wa sauti, "gh" imekuwa "g", kama katika "luga" na "garama", na sauti ya "n" imeongezeka katikati. Kwa hiyo "mangaribi" ni neno la pwani lililosafiri. Anayelifuta kwa madai kwamba pwani halipo anafuta ushahidi wa njia lugha yetu iliyopita.

2. Forodhani: Kiswahili cha soko la usiku

Jioni ya Mji Mkongwe huanzia Forodhani, bustani iliyo ufukweni mbele ya Jumba la Maajabu, ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Jina linatokana na "forodha", ile ambayo sisi mpakani tunaiita "duane", pamoja na "-ni" ya mahali. Jua likikaribia kuzama, vijana hushindana kujirusha baharini kutoka ukutani, na watu hukusanyika kuwatazama. Kisha wauzaji huwasha taa na kupanga meza: mishikaki (sisi tungesema "brosheti"), pweza, ngisi, urojo, na maji ya muwa yaliyokamuliwa na ndimu na tangawizi.

Hapa msikilizaji makini husikia muuzaji mmoja akibadilisha Kiswahili mara tatu ndani ya dakika chache. Kwa mzee wa mtaani atasema "Shikamoo", na mzee ataitika "Marahaba". Mwenye umri wa kati atapata "Masalkheri" au "Umeshindaje?", na kijana mwenzake "Mambo vipi?" Akipita mgeni mwenye kamera shingoni, sauti inapanda: "Jambo! Jambo! Karibu!" Neno "jambo" likiwa peke yake sikulisikia hata mara moja kati ya wenyeji wawili. Wao husema "Hujambo?" na kujibu "Sijambo", na kiambishi cha kukanusha kinabaki mahali pake, kwa kuwa maana ya asili ni kwamba mtu hana jambo, yaani hana tatizo.

Kuna pia neno la kuwataja vijana wanaowafuata wageni ili kuwauzia safari, vitu au huduma zao: "papasi". Kwa maana ya kawaida papasi ni mdudu anayeng'ang'ania ngozi. Wenyeji hulitumia mbele ya mgeni bila yeye kujua kinachosemwa. Ndiyo kusema soko hili lina lugha ya kumkaribisha mgeni na lugha ya kumzungumza.

3. Taarabu: Kiswahili kinachosema kwa kuficha

Burudani ya pili ni taarabu. Jina lina asili ya Kiarabu na linahusu furaha inayomtikisa msikilizaji. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kwenye jumba lake kutoka Misri. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Aliyeifikisha taarabu ya Kiswahili masikioni mwa wengi ni Siti binti Saad, mwanamke wa shamba aliyehamia mjini na kurekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928. Bibi mwingine, Bi Kidude, aliimba mpaka uzeeni na kufariki mwaka 2013. Mgeni wa leo anaweza kuisikia taarabu katika tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kufanyika mwezi wa Februari, au katika hoteli inayowaalika wapigaji wa udi, kanuni na fidla. Wenyeji huisikia zaidi harusini.

Kwa mwanafunzi wa lugha, la kuchunguza ni "kutunza". Msikilizaji, mara nyingi mwanamke, huinuka, hucheza taratibu mpaka mbele, na kumpa mwimbaji noti. Wakati wa kuinuka ndio wenye maana. Akitunza kwenye ubeti unaosema juu ya jirani mwenye husuda, watu wote hutazama ni jirani gani amekaa upande wa pili. Hakuna jina lililotajwa, na aliyelengwa hawezi kushitaki. Taarabu ya kisasa iitwayo "rusha roho" imeyazidisha haya kwa mipasho, yaani maneno makali yanayopelekwa kwa mtu bila kumtaja.

Tulinganishe na sisi. Katika muziki wetu wa dansi kuna "libanga": tajiri hulipa, na mwanamuziki hulitaja jina lake ndani ya wimbo. Pesa zipo pande zote mbili, lakini kazi ya lugha imegeuka. Kwetu anayelipa hununua kutajwa. Kwao anayetoa hununua nafasi ya kusema bila kutaja. Anayefasiri wimbo wa taarabu kwa maneno tu, bila kueleza nani alitunza na kwenye ubeti upi, amefasiri nusu ya ujumbe.

Muziki wenyewe umevuka mipaka kwa njia zote mbili. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikwenda Dar es Salaam mwaka 1978 na kuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa Tanzania, akiimba kwa Kiswahili. Mtoto wa Maniema, mkoa ule uliopokea neno "mangaribi", aliwachezesha watu wa pwani kwa lugha iliyotoka kwao.

4. Hoteli: Kiswahili kilichofungwa kama zawadi

Tufike sasa kaskazini, Nungwi na Kendwa. Huko bahari haiendi mbali maji yakipwa, tofauti na upande wa mashariki, kwa hiyo wageni huoga mchana wote na kubaki mchangani mpaka usiku. Kendwa inajulikana kwa tafrija za mwezi mpevu: muziki wa kompyuta, Bongo Fleva na dansi hadi alfajiri. Hoteli nyingine huleta sarakasi, ngoma, au vijana wa Kimaasai kutoka bara wanaoruka mbele ya meza za chakula.

Kiswahili cha hapa ni kifupi: "jambo", "karibu", "asante sana", "pole pole", "hakuna matata". Maneno haya yalipata nguvu kwa muziki. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms, iliyokuwa ikipiga katika hoteli za pwani ya Kenya, ilitoa wimbo wa "Jambo Bwana" uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison. Mwaka 1994 filamu ya katuni "The Lion King" ilisambaza "hakuna matata" duniani kote. Tangu hapo mgeni anakuja akiwa ameshajifunza maneno, na mfanyakazi anamrudishia yale aliyokuja nayo.

Jioni moja nilikaa karibu na wahudumu wawili wa hoteli. Mmoja aliwaambia wageni waliokosa meza, "Hakuna matata!", wakacheka. Kisha akamgeukia mwenzake kwa sauti ya chini: "Ile meza ya pembeni vipi?" "Haina neno, nitaipangusa sasa hivi." Katika pumzi moja "hakuna matata" limekuwa "haina neno", kwa sababu msikilizaji amebadilika. Nilipomsalimu mhudumu huyo kwa "Jambo sana!", alinijibu kwa Kiingereza na kuniuliza natoka nchi gani.

Hapa ndipo penye uzito kwetu. Katika masikio yake, "jambo" ni alama ya mtalii. Bukavu, "jambo" na "jambo sana" ni salamu ya mama kwa jirani yake na ya mwanafunzi kwa mwenzake, na haina harufu ya hoteli hata kidogo. Vivyo hivyo "matata": kwetu ni neno la kila siku, linatajwa mtu akileta ugomvi nyumbani au gari likiharibika njiani. Umbo ni lile lile. Kilicho tofauti ni mahusiano ya watu wanaolitumia.

5. Tunajifunza nini?

Kwanza, kauli "pwani hawasemi hivyo" haitoshi kuwa sheria. Pwani husema "hujambo", na pwani hiyo hiyo husema "jambo" mara mia kila usiku, kwa malipo. Anayesahihisha insha ana haki ya kudai Kiswahili sanifu katika maandishi ya chuo, nami nakubali. Sababu ya kutoa iwe hiyo, kwamba maandishi haya yanataka usanifu. Asimwambie mwanafunzi kwamba salamu aliyofundishwa na nyanya yake ni Kiswahili cha watalii. Haya ni mambo mawili tofauti, na la pili si kweli.

Pili, haitoshi kujipongeza. Wenzetu wengine wataitwa kufasiri, kuongoza wageni au kufundisha katika nchi za jirani. Huko, "jambo" letu litawaweka upande wa wageni kabla hawajamaliza sentensi ya kwanza. Anayejua "shikamoo", "masalkheri", "umeshindaje" na "haina neno" anafunguliwa mlango mwingine. Kujua hivyo hakumlazimishi aache ya kwao. Yule mhudumu wa hoteli anavitumia Kiswahili viwili kila usiku, na hakuna anayemwambia kwamba ameharibu lugha.

Tatu, kuna jambo la wakati. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, jioni ya Unguja hubadilika: watu hufuturu pamoja baada ya magharibi, na kumbi nyingi za dansi hutulia. Orodha ya maneno iliyokusanywa mwezi huo haitafanana na ile ya Agosti. Mtafiti aandike tarehe, saa na mahali kando ya kila neno, maana neno lisilo na saa halijaelezwa vya kutosha.

Mazoezi

a) Andika salamu zote za jioni zinazosikika nyumbani kwenu. Kando ya kila moja, eleza nani humwambia nani.

b) Tafuta maneno mengine matatu ya Kiswahili cha Kongo ambayo, kama "mangaribi", yamehifadhi alama ya safari ya lugha kutoka pwani. Eleza mabadiliko ya sauti.

c) Linganisha "kutunza" na "libanga" katika sherehe moja uliyohudhuria. Pesa ilitolewa wakati gani, na ilisema nini ambacho mdomo haukusema?