Ambreyaji mpya, lakini pedali inazama: tufanye nini?

Ndugu wanamemba, mpunga unangoja Sange au Luvungi. Kamioneti imewekwa ambreyaji mpya, lakini pedali ina shida. Msipakie kwanza, na msimalize malipo ya fundi kabla ya kujaribu.

1. Pedali inazama, ukiipiga-piga inapanda: mara nyingi ni hewa ndani ya mafuta. Zuieni magurudumu kwa mawe. Jazeni mafuta ya freni ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mafuta ya injini hapana, yanaharibu mipira ya pampu! Mmoja akanyage na kushikilia. Mwenzake afungue kidogo visi ya pampu ya chini, hewa itokee kwa mpira mwembamba ndani ya chupa, afunge, ndipo pedali iachiliwe. Rudieni mpaka mapovu yaishe. Chombo cha juu kisikauke.

2. Ukiishikilia inashuka polepole: tafuteni pampu inayovuja.

3. Pedali ni nzuri, vitesi bado vinalia: pengine diski imewekwa kinyume. Fundi afungue tena.

4. Injini inavuma, gari haivuti: pedali haina nafasi ya kucheza, ama diski imeingia mafuta. Kama ni ya kamba, legezeni kidogo.

Jaribio: injini ikiwaka, kanyaga, hesabu mpaka tano, ingiza vitesi ya kurudi nyuma. Ikiingia kimya, pakieni. Ikilia, afadhali kulala Nyamianda siku moja kuliko kukwama kwenye mlima wa Ngomo na mzigo wa watu wote.