Mzee Amekuwa Kimya? Usiseme ni Umri Tu

Baba hatoki tena kwenda barazani. Mama anarudisha sahani ikiwa nusu. Ukiuliza unajibiwa, "Ni umri tu, mwanangu." Usilipokee jibu hilo haraka. Umri hupunguza mwendo. Hauondoi hamu ya kula, kuongea na kucheka. Hamu hiyo ikikosekana karibu kila siku kwa wiki mbili, huenda ni sonona, na sonona inatibika hata kwa mwenye miaka 80.

Sikiliza mwili. Wazee wetu wengi hawasemi "nina huzuni". Watakuambia mgongo unauma, kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, usingizi haupo. Na kwenye simu usiishie kwenye shikamoo. Marahaba huitikiwa hata na aliyekesha akilia. Uliza maswali yenye majibu ya kushikika: "Jana mchana ulikula nini?" "Uliamka saa ngapi?" "Nani alikuja kukuona wiki hii?"

Tazama kasi ya mabadiliko. Usahaulifu wa uzeeni huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo hajui yuko wapi ni dharura. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au sukari kushuka. Hospitali siku hiyo hiyo. Mjadala wa nani kamroga usubiri.

Kusanya dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za kununua dukani, umpelekee daktari. Piriton ya mafua, Valium na amitriptyline zinaweza kumchanganya mzee au kumwangusha. Usizikatishe mwenyewe, Valium ikiachwa ghafla ina hatari zake. Omba pia apimwe damu na homoni za tezi ya shingo. Kama anatumia metformin ya kisukari kwa miaka mingi, ulizia vitamini B12.

Masikio na macho yasisahauliwe. Mtu asiyesikia vizuri huona haya kuuliza "umesemaje?" kila mara, mwishowe anajifungia chumbani. Pengine ni nta tu. Mtoto wa jicho naye huondolewa kwa upasuaji mfupi. Kwa Tanzania, hospitalini ulizia dirisha la wazee, na mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo aulizie utaratibu wa matibabu bure.

Sasa, hapa ndipo watoto wenye upendo tunapoharibu: tunamstaafisha mzazi kabisa. "Kaa tu mama, pumzika." Tunamnyang'anya jembe, tunamleta mjini, tunamkalisha mbele ya televisheni ambayo hata hakuiomba. Mpe kazi ambayo asipoifanya, pengo lake litaonekana. Kuku watano ni wake: yeye ndiye anayewalisha na yeye ndiye anayeamua yupi achinjwe. Mchele auchambue yeye. Amfundishe mjukuu kusuka ukili au kuchagua mbegu. Likija suala la mahari au shamba, mpigie kabla hujaamua, si baada. Kumtumia pesa ni jambo jema, lakini pesa haimuulizi shauri.

Panga pia siku za kutoka, zenye jina. Jumatano ni kwa rafiki yake, Ijumaa msikitini au Jumapili kanisani. Na kama analipwa pensheni kwenye kituo cha malipo na miguu bado ina nguvu, usimtume mtu akamchukulie. Foleni ile ndiyo inayomkutanisha na wenzake.

Akisema "nimechoka kuishi", usimkatize kwa "usiseme hivyo, Mungu yupo". Muulize wazi kama amefikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Ukiona ulimi unakuwa mzito mbele ya mzazi, mtumie mdogo wake, rika lake, au mjukuu mtu mzima mwenye utani naye. Jibu likiwa ndiyo, ondoa dawa ya panya, viuatilifu na vidonge vya ziada, asibaki peke yake, na mwende hospitali.

Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na kwa mzee huweza kuchukua zaidi. Wengi huziacha wiki ya pili wakidhani hazifai. Mweleze mapema, na akipata nafuu asiache bila daktari. Mazungumzo na mshauri nasaha nayo ni tiba, si mapambo.

La mwisho ni la dada yako, yule aliyebaki nyumbani na mzee. Yeye ndiye anayeamshwa usiku, na yeye ndiye anayelaumiwa dawa ikiisha. Usimtumie maelekezo tu kwenye kundi la WhatsApp. Chukua likizo, shika zamu yake, naye akapumzike.