KUHAMA AU KUONGEZA NYUMBA: TUPIME VIPI?

Nyumba ikibana watu, ubishi huanza. Baba asema tuongeze chumba, mama asema tuhame, nasi watoto twatega sikio. Leo nataka tujifunze kupima jambo hili hapa kwetu Kisumu na kandokando ya ziwa, maana kukisia kumewatia wengi hasara.

1. Ni nyumba au ni mahali?

Kabla ya kuhesabu pesa, uliza: kinachotusumbua ni nyumba yenyewe, au ni mahali iliposimama? Watoto sita wakilala chumba kimoja, hiyo ni shida ya nyumba, na fundi ataimaliza. Maji yakiingia mlangoni kila masika, hiyo ni shida ya mahali. Fundi huongeza chumba, lakini hawezi kusogeza ziwa wala mto.

Ziwa Victoria hupokea mito mingi, lakini maji yake hutokea mlango mmoja tu, kule Jinja, Uganda, mahali Naili inapoanzia. Mvua ikizidi, ziwa hupanda na hukawia kushuka. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, ziwa lilifika mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja mwaka 1964. Mei 2020 likafika mita 13.42, na mwaka 2024 likapita hata hapo. Mwaka huo wa 2020 familia nyingi za Nyando na Budalang'i zilihama bila kupanga, tena usiku wengine. Kwa hivyo usimwulize mwenye kuuza ploti maji hufika wapi. Waulize wazee wa hapo, kisha utazame alama kwenye kuta na miti.

2. Ukiamua kuongeza

Udongo mweusi wa Kano huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi wa juujuu hauwezi kutulia humo, lazima uchimbwe mpaka ardhi ngumu. Ukuta mpya ukiunganishwa na wa zamani, mara nyingi hupasuka pale pale kwenye kiungo, kwa sababu wa zamani umeshatulia na mpya bado unashuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hapa ukuta wenyewe ndio unaoleta ufa! Tena angalia chumba kipya kisizibe dirisha la kile cha kale, na kisisogee karibu na choo.

Wajaluo wana njia yao ya zamani. Kijana akibaleghe hujengewa simba. Simba huyu si mnyama, ni nyumba ndogo karibu na lango la boma. Nyumba ya wazazi haiguswi, na nafasi hupatikana.

3. Karatasi

Kama umepanga, chumba utakachoongeza ni cha mwenye nyumba, kwa hivyo muandikiane kwanza. Kama ni yako, sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 yataka upate kibali cha kaunti kabla ya kujenga. Ukihama na kununua shamba, uuzaji wa ardhi ya kilimo wahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Bila idhini hiyo mapatano ni bure, hata kama umelipa. Na baba hawezi kuuza nyumba ya ndoa kimyakimya: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yataka mama akubali.

4. Hesabu ya kuhama

Watu huhesabu mkokoteni na kodi ya mwezi wa kwanza tu. Hebu ongeza nauli ya matatu ya mwanafunzi wa kutwa, kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki, muhula mzima. Nyumba ya bei rahisi yaweza kuwa ghali.

Mfano

Nyanya yangu anaishi Nyando. Mwaka 2020 maji yalifika usawa wa kitanda chake. Sasa wajukuu tumekuwa wengi, na baba mdogo ataka kumwongezea vyumba viwili vya mawe. Mama yangu asema pesa hizo zijenge huko juu, penye mwinuko. Nyanya naye asema, "Wanangu, babu yenu amelala hapa. Nikienda, nani atafagia kaburi lake?"

Hilo si neno la kucheka. Kuhama kumo ndani ya mila: mwanamume hutoka kwa baba yake na kuanzisha dala yake, akienda na mwanawe wa kwanza, jogoo na shoka. Lakini kwa mila mjane haanzishi dala peke yake. Kwa hivyo fundi hatoshi, wazee wa ukoo lazima waitwe. Kwa maoni yangu, mawe yasizikwe majini. Nyanya alale juu, kaburi tulifagie sisi wajukuu, kila likizo. Wazee watakaa mwezi wa Agosti, na bado hajakubali.

Zoezi la chama

(a) Taja shida mbili za nyumba na mbili za mahali katika mtaa wenu.
(b) Jadilini: "Aheri kubanana penye ukavu kuliko nafasi penye maji."

Nakunja jamvi hapa. Wasalaam.