Tangu mama afariki sijatunga hata ubeti

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja huku Kyerwa, si mbali na Nkwenda. Nina miaka 38, mume na watoto wanne. Nilianza kutunga nyimbo nikiwa bado shule ya Jumapili, na zimeimbwa kwenye mashindano ya jimbo na kwenye harusi nyingi. Mama yangu alifariki mwaka juzi mwezi wa kumi. Tangu hapo, hakuna kitu. Nikikaa na daftari najikuta naandika maneno ya kwaya nyingine. Nasali, lakini ni kama nasoma orodha. Mama alikuwa anasuka mikeka huku akiimba kwa Kinyambo, nadhani hata hakujua kwamba anaimba. Mkeka wa mwisho hakuumaliza, nimeuviringisha nikauweka juu ya kabati. Mimi kusuka sijui. Anayejua ni mama mdogo, yuko Ihembe. Viongozi wa kwaya wanataka nyimbo mpya za kurekodi video baada ya Pasaka na wananiulizia kila tukimaliza mazoezi. Mwinjilisti ananishauri nifunge. Nimepungua, na usingizi wangu ni wa kuokoteza. Je, Mungu amenipokonya kipaji? Nijiuzulu?*

*Mwalimu wa kwaya, Kyerwa*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mama.

Tuanze na mwili. Mtu anayelala kwa kuokoteza na nguo zimeanza kumpwaya haongezewi mfungo. Nenda kituo cha afya, umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, usimfiche kitu. Wala usidhani huo ni upungufu wa imani. Eliya alipochoka hadi akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Safari ya Horebu ilianza baadaye. Mwinjilisti wako ana nia njema. Mwombe akuombee wewe ukiwa umekula.

Sasa kipaji. Fungua Zaburi ya 137. Waisraeli wako utumwani Babeli, waliowateka wanataka kusikia nyimbo za Sayuni, nao vinubi wameshavitundika mitini. Ni watu waliogoma kuimba. Lakini mtu alitungia wimbo kule kugoma kwenyewe, na wimbo huo uko katika kitabu kilekile chenye zaburi za matoazi na vigelegele. Zaburi ya 88 ndiyo kali zaidi: inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna haleluya ya kuifungia. Aliyeitunga hakungoja apone kwanza.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba umekauka. Kwaya inakuomba wimbo wa kuchezeka mbele ya kamera, na ulicho nacho moyoni ni maombolezo. Kila siku ya mazoezi unayafungia mlango ili utoe kitu cha furaha, na mlango wa moyo ni mmoja, ukiufunga hata furaha haipiti. (Sina ugomvi na video. Ninao na kwaya inayoshona sare kabla haijawa na wimbo.)

Halafu nikuulize: msibani ulilia kwa lugha gani? Nina hakika hukulia kwa Kiswahili cha “uinuliwe, utukuzwe”. Ukishika daftari, hicho ndicho kinachokujia, kilekile cha kila kwaya kuanzia Murongo mpaka Kayanga. Kiswahili hakijakukosea chochote, nami ndicho ninachokuandikia. Ila mama yako alikuimbia kwa Kinyambo, na hapo ndipo penye kidonda. Basi ukisali usiku huu, sali kwa Kinyambo, kwa sauti, na ulalamike. Mwambie Mungu hukupenda alivyomchukua. Ule uamsho wa Kikristo ulipoenea kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 na 1940, ukafika mpaka mkoa wetu, wimbo wake ulikuwa Tukutendereza, nao umezunguka Afrika Mashariki na kiitikio chake cha Kiganda. Walokole, yaani watu wa uamsho huo, walikuwa wakisimama mbele ya wenzao na kusema wazi kwamba mioyo yao imepoa. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Kama Kiganda kilikaribishwa kanisani na moyo uliopoa ulikaribishwa, Kinyambo chako cha kilio kitazuiwa na nani?

Kuna jambo umeliandika kama la kupita tu, nami ndilo lililonikamata: ule mkeka juu ya kabati. Ushushe.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamtaja Bezaleli kuwa amejazwa Roho wa Mungu, na kazi aliyojazwa kwayo ni ya ufundi: dhahabu, fedha, shaba, kuchonga miti. Ukifika sura ya 35 utawakuta wanawake waliosukumwa na mioyo yao wakasokota singa za mbuzi kwa ajili ya hema. Sura nzima hawahubiri wala hawaimbi. Wanasokota, na Maandiko yanawahesabia. Huku kwetu pia kuheshimu kazi ya mikono si jambo geni. Mafundi walifua ng'ombe wa chuma waliotunzwa ikulu Bweranyange enzi za wafalme wa Karagwe.

Basi nenda Ihembe kwa mama mdogo na mkeka wako kwapani. Akufundishe kuchana ukindu, kuuloweka ulegee, na kuanzia pale vidole vya dada yake vilipoishia. Mstari wako wa kwanza utakuwa umepinda na utaonekana kabisa ulipoanza wewe; usiufumue. Daftari liache nyumbani. Mama mdogo akianza kuimba, nawe itikia. Akinyamaza, sukeni kimya. Likikujia neno, liimbe tu na liondoke, usilikimbilie na kalamu. Lenye nguvu litarudi lenyewe wiki ijayo, nawe utakuwa unapalilia migomba.

Kuhusu kujiuzulu, hapana. Mwone mwenyekiti wa kwaya ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu, umwambie kwamba kabla ya Pasaka hutatunga. Kama kurekodi ni lazima, warekodi nyimbo zako za zamani, zipo na watu wanazipenda. Mwombe mtu mwingine afundishe kwa muda, na wewe usimame nyuma uimbe sauti ya pili kama mwimbaji mwingine yeyote. Wakikununia, watazoea. Na mumeo mweleze yote haya kabla hujafunga safari, maana watoto wanne hawajipikii. Ihembe nenda mapema, kabla kahawa haijaiva. Mkishaanza kuchuma hutapata nafasi tena.