Dondoo muhimu: Kutambua aina za maneno ya Kiingereza

Kwetu Pemba, "kausha" na "kavu" hazichanganyiki. Kiingereza kina dry tu, kwa hiyo tazama kazi ya neno, usikariri orodha.

"Farmers dry cloves in Wete": dry ni kitenzi. Ipeleke sentensi wakati uliopita uone, inageuka dried. "The dry cloves are in the sack": sasa dry imekaa kati ya the na nomino cloves, basi ni kivumishi.

Anza na kitenzi, kisha uliza nani anatenda. Vihusishi kama in na to havisumbui sana. Mtego ni -ly: slowly ni kielezi, lakini friendly ni kivumishi, maana unasema "a friendly captain" na captain (nahodha) ni nomino.